Kuagana: Habari za Waliokuja Ubelgiji Kusoma, na Jinsi Walivyoondoka



Mwaka huu wazee wa kitabu chetu wameniomba niandike habari za wanafunzi. Sababu yao naielewa. Siku hizi ni nadra nyumba yetu kukosa kijana aliyetoka nyumbani kuja kusoma au kujifunza kazi kwa miezi mitatu minne, akalala chumba cha watoto, akala nasi, kisha akarudi alikotoka. Nilidhamiria kuandika juu ya masomo yao. Lakini kila nilipoishika kalamu, lililonijia halikuwa masomo, bali jinsi wanavyoondoka. Basi nitaandika juu ya kuagana. Mtaniwia radhi, kwani naamini kuagana nako kuna historia yake, na historia hiyo inatugusa sisi kuliko watu wengi.

Kwanza nieleze mahali. Mimi nakaa Jette, moja ya komini 19 zinazofanya Mkoa wa Brussels, upande wa kaskazini-magharibi. Si mahali pa fahari. Kuna uwanja wa soko ambao jina lake rasmi ni la Malkia Astrid, lakini wenyeji huuita Miroir, yaani Kioo, na kila Jumapili asubuhi hujaa wauza mboga, jibini na kuku wa kuchoma. Kuna stesheni ya zamani ya gari la moshi. Kuna msitu wa Laarbeek, ambamo mimi hutembea baada ya sala ya alasiri kwa amri ya daktari. Na huko juu, karibu na msitu, ipo hospitali kubwa ya chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel. Chuo hicho cha Kifleming kilitengana kisheria na mwenzake wa Kifaransa mwaka 1970, na hospitali yake ya Jette ikafunguliwa mwaka 1977. Tangu mwaka 2018 tramu namba 9 hupanda mpaka hapo. Kwa ajili ya hospitali hiyo, na mafunzo ya uuguzi yanayotolewa jirani yake, Jette imekuwa mji wa wanagenzi. Ukipanda tramu asubuhi utawaona: vijana wenye viatu vyeupe mkobani, nusu yao wamelala.

Miongoni mwa vijana wa namna hiyo alikuwamo mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyeolewa Ujiji. Alikuwa katika mwaka wa mwisho wa kusomea uuguzi na ukunga huko Tanzania, akapata nafasi ya kuja kufanya mafunzo ya kazini kwa wiki 12 katika wodi ya wazazi ya hospitali mojawapo ya huku kwetu. Mafunzo hayo sisi watoto wa Bujumbura tumezoea kuyaita stazhi. Alifika mwezi wa Februari na kilo mbili za dagaa wa Kigoma ndani ya begi, amezifunga mifuko minne kisha akazizungushia nguo zake. Harufu ilitangulia kushuka kwenye gari, yeye akafuata.

Wiki ya kwanza alirudi nyumbani analia. Si kwamba alitendewa ubaya, bali hakuna aliyemwuliza ameamkaje. "Mjomba," aliniambia, "hapa mtu anakutajia jina lake, halafu kazi inaanza." Nikamwambia avumilie, kwani Wafleming ni kama nazi: huwezi kuyajua maji yake mpaka umeivunja.

Ilivunjika wiki ya nne. Usiku mmoja aliletwa mama wa Uvira, uchungu umemkaza, Kifleming hajui, Kiingereza hajui, na Kifaransa chake kimekimbia kwa maumivu. Mpwa wangu akamshika mkono akamwambia, "Pumua, mama, usisukume bado." Yule mama akafumbua macho akamtazama kama aliyeitwa na dada yake. Mtoto alizaliwa kabla ya alfajiri. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Tangu siku hiyo binti yetu akawa mtu wa kuitwa na kuulizwa, na akapata marafiki watatu: mwanafunzi mwenzake wa Aalst, binti mwingine aliyezaliwa hapa hapa Jette na wazazi wa Kimoroko, na mkunga mmoja mtu mzima, aliyekuwa akimsimamia. Jumapili walikwenda sokoni pamoja. Wale mabinti wawili walikuja kwangu wakala ugali na dagaa kwa mikono, na yule wa Aalst akaomba kuongezewa.

Wiki ya mwisho ilipofika, mpwa wangu aliniambia neno lililonishangaza. "Mjomba, Ijumaa nikimaliza zamu nitachukua koti langu niondoke kimya kimya." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nikiaga nitalia. Tena ya nini kuagana na watu ambao pengine sitawaona tena?"

Nikamwambia, "Keti, mwanangu." Niliyomweleza jioni ile ndiyo nitakayowaeleza na nyinyi.

Katika Kiswahili, kuaga si kutamka kwaheri tu. Anayeaga anaomba ruhusa, haondoki mpaka apewe njia. Na watu wawili wakiagana, neno hilo moja hubeba maana mbili: kuachana kwa wema, na kupatana juu ya jambo. Ndimo lilimotoka neno agano. Tena anayeaga huagizwa: tupelekee salamu, tuletee kitu fulani. Na juu ya yote hayo ipo buriani. Pale madrasa yetu ya Buyenzi, maalim wetu alitufundisha kuwa neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kuomba kuondolewa deni. Msafiri wa zamani, wa jahazi au wa msafara, hakujua kama atarudi. Kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba: kama nimekula chako, kama nimekusengenya, nisamehe. Nao humjibu: tumekusamehe, nawe utusamehe. Aliyeondoka bila ya hayo, maalim alituambia, ameondoka na vya watu mfukoni, hata kama mifuko yake ni mitupu.

Sasa tazameni, kwa kipimo hicho, wale waliotutangulia katika nchi hii.

Katikati ya Brussels, hatua chache kutoka soko la zamani la hisa, upo mtaa uitwao Rue de Tabora. Mpwa wangu aliuona akacheka, akadhani ni jina lililofanana tu. Halikufanana, ndiyo Tabora yetu yenyewe. Katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Kibelgiji yaliyotoka Kongo yaliiteka Kigoma mwezi wa Julai 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Ubelgiji ikaitawala Kigoma mpaka mwaka 1921, ilipokabidhiwa Waingereza. Majeshi yale yalikwenda kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na wengi wao walitolewa vijijini mwao kwa nguvu. Mtu aliyekamatwa shambani hamwagi mkewe. Wengi walifia njiani, na mtaa wa huku ukapewa jina la mji. Majina yao hayakuwekwa popote.

Rudini nyuma zaidi, mwaka 1897. Mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongo 267 kwenye maonyesho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, wakakalishwa katika vijiji vya kuigiza ili watu waje kuwatazama. Saba kati yao walikufa. Wamezikwa karibu na kanisa la Tervuren, na majina yao yamehifadhiwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wale saba hawakumwaga mtu. Walikuwa wamezungukwa na watu maelfu kwa maelfu, na hawakuwa na rafiki wa kumwomba buriani. Maana rafiki hapatikani penye uzio. Kwenye uzio hupatikana mtazamaji.

Mwalimu hawezi kusahau walimu wenzake, kwa hiyo nilimtajia pia Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ingawa yeye alikwenda Berlin wala hakuja Brussels. Alifundisha Kiswahili huko tangu mwaka 1900, na mwaka 1903 kikachapishwa kitabu cha desturi za Waswahili ambacho sehemu yake kubwa ni kalamu yake. Aliacha kazi mwaka 1905, baada ya baadhi ya wanafunzi wake kukataa kufundishwa na mtu mweusi. Akapanda meli na mkewe Mjerumani ili arudi kwao. Serikali ya kikoloni ikakataa kuwaruhusu kushuka pamoja, naye hakukubali kumwacha mkewe. Wakarudi Ujerumani, na huko Berlin akafa mwaka 1927. Tazama basi: huku aliondoka bila ya kuheshimiwa, na kule alifika bila ya kupokewa.

Kisha yuko Paul Panda Farnana, mtu wa pwani ya Kongo, aliyeletwa Ubelgiji mwaka 1900 akiwa mtoto. Alisomea kilimo Vilvoorde, jirani ya Brussels, akawa Mkongo wa kwanza kupata shahada ya masomo ya juu katika nchi hii. Alirudi Kongo mwaka 1909 kufanya kazi ya serikali. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa huku. Akajitolea kuitetea Namur, akatekwa na Wajerumani, akakaa kifungoni mpaka vita vilipokwisha. Mwaka 1919 aliunda chama cha Wakongo wa Ubelgiji, Union Congolaise, kusaidiana na kudai haki. Mwaka 1929 alirudi kwao moja kwa moja, na mwaka uliofuata akafariki. Yeye angalau alikuwa na wenzake wa kuwaaga. Mnaona tofauti? Penye chama, penye meza ya kulia pamoja, buriani inapata mahali pa kusimama.

Lakini baada yake mlango haukufunguliwa upesi. Serikali ya kikoloni haikupenda Mwafrika asafiri kuja Ubelgiji, na wanafunzi wa vyuo vikuu hawakuanza kuja mpaka miaka ya 1950. Thomas Kanza alimaliza Louvain mwaka 1956. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, wenye shahada ya chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika 30. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1950, mwana wa mfalme wetu wa Burundi, Louis Rwagasore, alikuwa Antwerp akisoma. Aliporudi nyumbani alipata wafuasi wengi Buyenzi kwetu, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Chama chake kilishinda uchaguzi tarehe 18 Septemba 1961, naye akauawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba, hata mwezi haujatimia. Baba alikuwa akisema kuwa Buyenzi ililia vibaya siku ile kwa sababu mtu huyo alikuwa hapiti bila ya kuamkia na haondoki bila ya kuaga.

Tena msidhani kwamba mambo ya uzio yaliisha na mwaka 1897. Kutoka msitu wa Laarbeek hadi Heysel, penye lile jengo la mipira ya chuma liitwalo Atomium, ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Hapo mwaka 1958 yalifanyika maonyesho makubwa ya dunia, na hapo pia palijengwa kijiji cha Wakongo ili watazamwe wakichonga na kusuka. Baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi na karanga. Mwezi wa Julai wale watu walichoka, wakafunga virago wakarudi kwao kabla ya maonyesho kwisha. Hawakuaga, na mimi siwalaumu. Aliyekutazama kama mnyama hukumkosea kitu, naye hakukupa kitu, basi mtasameheana nini?

Ni uhuru ulioyabadilisha mambo, tena polepole. Mwaka 1961 ilifunguliwa huko Ixelles nyumba ya wanafunzi wa Kiafrika, Maison Africaine, na pembeni yake ukakua mtaa wa Matonge mnaoujua nyote, ulioitwa kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Wanafunzi wakaanza kuwa na vyumba vyao, majirani wao, na kadi za kuitana. Wakaanza kuwa na tarehe ya kuja na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye tiketi, nao wenyewe wakiijua.

Nilipofika hapo nikamwambia mpwa wangu: "Wewe umekuja kwa hiari yako, unaondoka siku uliyoijua tangu ulipofika, na wapo watu watatu mahali pale wanaojua jina lako na la mama yako. Walio wengi kabla yako hawakupata moja katika hayo. Utaondokaje kama mwizi wa kuku?"

Akanyamaza. Kisha akauliza, kama msichana aliyelelewa vizuri, "Basi nitaaga vipi, Mjomba? Desturi yao sijui."

Hapo tukacheka, kwa kuwa desturi yao ni kinyume cha yetu. Kwetu anayesafiri hupewa: masurufu, nguo, kuku wa kukaanga wa njiani. Huku anayeondoka ndiye anayelisha. Siku ya mwisho mwanafunzi huleta keki akawawekea wenzake kwenye chumba cha mapumziko, kila mtu akakata kipande kati ya kazi na kazi. Yeye alikuwa akingoja apewe, na wao wakingoja alete. Kama si kuulizana, pande zote mbili zingedhani zimedharauliwa. Alhamisi usiku jiko langu lilikuwa halipitiki. Tukapika mandazi na sambusa, na mke wangu akaongeza keki moja ya dukani kwa tahadhari. Keki ilirudi nusu, lakini mandazi hayakurudi.

Aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Kwanza alitoa shukrani kwa Kifleming alichokuwa amekikariri njia nzima ndani ya tramu. Halafu akamgeukia yule mkunga wake, na rafiki yake wa Kimoroko akawa mkalimani. Akasema: "Kwetu mtu akiondoka huomba kusamehewa. Nakuomba unisamehe." Mkunga akashtuka. "Umefanya nini?" Akajibu, "Sijui, ndiyo maana naomba." Yule mama alikaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba na yeye anaomba radhi, kwa kuwa wiki tatu za mwanzo alikuwa akilitamka jina lake vibaya akijua kuwa anakosea, na aliona haya kuuliza. Hilo ndilo lililowaliza wote wawili, wala hapakuwa na aliyechukizwa na vilio.

Baada ya buriani yakaja maagizo. Yule wa Aalst aliagiza kanga mbili zenye maandishi. Wa Kimoroko aliagiza dua. Mkunga aliagiza apelekewe habari ya mtoto wa kwanza ambaye mpwa wangu atamzalisha akiwa mkunga kamili. Kuhusu agano nilikuwa nimemwonya: usiseme "tutaonana mwakani," kwa kuwa viza haitolewi na wewe. Sema "tukijaaliwa," kisha uahidi lile unaloliweza. Akaahidi barua, na ameitimiza: habari ya mtoto wa kwanza imekwisha kufika Jette pamoja na picha ya kanga aliyofungiwa mtoto. Yule wa Aalst naye sasa anatafuta stazhi Kigoma.

Ningeweza kuishia hapa. Lakini usiku wa mwisho, begi limefungwa, mpwa wangu aliniuliza swali moja. "Na wewe, Mjomba, ulipotoka Buyenzi ulimwaga nani?"

Jamaa zangu, mnajua wenyewe. Mwezi wa Machi 1995, vurugu zilipoingia Bwiza na Buyenzi, sote tuliondoka jinsi tulivyoondoka. Mimi nilikuwa na mke mgonjwa na watoto watatu. Siku chache kabla ya hapo, mwalimu mwenzangu wa hisabati aliniazima baiskeli yake ili nimpeleke mke wangu kliniki. Kabila lake silitaji, kwa kuwa yeye hakunitajia langu. Niliahidi kuirudisha Jumatatu. Jumatatu sisi tulikuwa upande wa pili wa mpaka. Mtoto mdogo alikaa kwenye kiti cha baiskeli ile, wa pili nyuma yake, nami naisukuma kupitia Gatumba mpaka Uvira. Pale Uvira nikaiuza kwa mchuuzi wa ndagala. Fedha zake zilitulisha unga na zikanunua dawa. Oktoba 1996 vita vikafika na Uvira, tukavuka ziwa hadi Kigoma, na miaka mitatu baadaye tukafika huku. Ubelgiji iliitambua dini yetu kwa sheria ya mwaka 1974, na kwa mlango huo nikapata kazi ya kufundisha dini shuleni. Nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi kwamba deni halifutwi na mauti, na mimi mwenyewe naijua baiskeli ninayodaiwa.

Nilimweleza yote hayo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Basi bado hujatoka Buyenzi, Mjomba."

Alipokwisha kuondoka nilikaa wiki nzima. Kisha, kwa msaada wa jamaa mmoja wa Liège, nikapata namba ya simu. Aliyeitika alikuwa mjane. Mwenzangu alifariki kwa maradhi mwaka 2003. Nikamweleza habari ya baiskeli, sauti ikinikwama, nikamwambia nataka kuwalipa warithi thamani yake. Akasema, "Shemeji, baiskeli ile aliiulizia mara moja tu. Alisema: kama imewafikisha, si kitu. Lakini deni sasa si langu, ni la watoto. Nitawauliza."

Baada ya siku kumi watoto wakajibu. Walikuwa wadogo baba yao alipokufa. Baiskeli hawaitaki. Waliomba jambo moja: mimi niliyefundisha naye miaka saba, niwaandikie baba yao alikuwaje. Alifundishaje, alicheka vipi, alivaa nini, wanafunzi walimwita nani.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu ya usiku. Nimejaza daftari mbili na ya tatu nimeianza. Nimewaandikia kuwa baba yao alikuwa akichora duara ubaoni kwa mkono mtupu bila ya bikari, akageuka kulitazama darasa, na hata wale watukutu wa mstari wa nyuma walikuwa wakinyamaza kulitafuta kosa katika duara lile wasilione. Nimewaandikia alivyokuwa akigawa chaki vipande vitatu ili mwezi ufike mwisho. Na mwanzoni mwa daftari ya kwanza nimeandika buriani yangu, iliyochelewa karibu miaka 30.

Kwa hiyo, nyinyi mtakaopokea wanafunzi mwaka ujao, wafundisheni njia za tramu na baridi ya Februari, lakini wafundisheni na kuaga. Waambieni waanze wiki moja kabla, waulize desturi ya wenyeji, waombe radhi hata kwa wasilolijua, wapokee maagizo, na wasiahidi lisilo mikononi mwao. Na sisi wazee tulioondoka usiku tukiwa na vya watu, tutafute namba za simu maadamu wapo wa kuitika. Kitabu chetu hiki kina majina ya familia nyingi, na huenda unayemtafuta yumo katika ukurasa wa pili yake.

Na kama katika kurasa hizi nimemgusa mtu kwa neno lisilofaa, naye anisamehe. Wasalaam.